Kangaga halioti: uliza kwanza liko katika uhai wa ngapi

Dada mmoja alinijia bustanini, huku Lushoto, amekumbatia kontena la plastiki la kuwekea chakula. Alikuwa amelizungushia kitenge ili jua la njiani lisilipige.

"Shikamoo, mwalimu. Miezi mitano leo. Maji nimetia, mbolea nimetia. Ukijani nauona, kangaga silioni."

Nikafungua mfuniko. Udongo haukuonekana kwa jinsi ulivyofunikwa na vijani vyembamba, kila kimoja na umbo la moyo, kikubwa kabisa hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nikampa lensi atazame. Hakuna kilichooza, hakuna kilichoshambuliwa. Mimea yake ilikuwa mizima kabisa. Ila hakuwa ameambiwa kwamba ile mioyo si miche ya kangaga. Ni mmea mwingine, wenye mahitaji yake, na kangaga huzaliwa kutoka kwake.

Matatizo mengi ninayoletewa na watu wanaootesha makangaga kwa spora yana chimbuko hilohilo: mtu anautibu uhai wa kwanza kwa dawa ya uhai wa pili. Kwa hiyo sitapanga mambo kwa majina ya magonjwa. Nitafuata kile unachokiona kwa macho, kuanzia nyuma ya jani mpaka kwenye chungu. Lakini kwanza tuelewane kuhusu hayo maisha mawili.

Mtoto anayefanana na bibi

Kangaga tunalolijua, lenye majani yanayojikunjua kama mkia wa kinyonga, halitoi ua wala mbegu. Nyuma ya majani yake hutoa spora, vumbi ambalo kila chembe yake ni seli moja tu. Katika kutengeneza spora, idadi ya kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli, hugawanywa nusu. Spora ikiangukia penye unyevu na mwanga huota, na kinachoota huitwa prothalo: kile kijani cha umbo la moyo, unene wa seli moja pembeni na seli chache katikati, hakina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupitisha maji. Kwa chini kina vinyweleo vya kukishikiza. Kati ya vinyweleo hivyo kuna viungo vya kiume, yaani antheridia, na karibu na bonde la moyo kuna viungo vya kike, arkegonia, kila kimoja kikiwa na yai moja. Gameti za kiume, yaani seli za uzazi zinazolitafuta yai, huogelea. Moja ikilifikia yai, kromosomu hurudi kuwa jozi, na kutoka kwenye ule moyo linachomoza kangaga. Moyo ndio uhai wa kwanza, kangaga ndilo uhai wa pili.

Basi hapa mtoto hafanani na mama, anafanana na bibi. Aliyeuweka wazi mpango huu, na kuonyesha kwamba kuvumwani (ile mimea midogo inayotanda kama zulia kwenye mawe yenye unyevu), makangaga na jamaa zao wote wanaufuata, ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1851, akiwa na miaka 27. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alifanya kazi katika biashara ya familia yake ya kuchapisha muziki, na hadubini alijifunza mwenyewe. Nawaambia vijana wanaokuja bustanini habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu alichokiona yeye kinaonekana hata leo kwa lensi ya mkononi na kopo la plastiki.

"Nyuma ya majani kuna vipele vya kahawia. Nipulize dawa gani?"

Usipulize kitu. Swali hili linaniuma, maana nimeona watu wakizisugua spora kwa sabuni wakidhani wanamponya mgonjwa.

Tazama mpangilio. Spora hukaa ndani ya vifuko vidogo sana, na vifuko hujikusanya kuwa madoa, na kila jamii ina ramani yake. Nephrolepis, yale makangaga ya kuning'iniza barazani, yana madoa ya duara yaliyojipanga mistari miwili kwenye kila kijijani, karibu na ukingo. Asplenium nidus, lenye majani mapana kama kiota, lina mistari ya kahawia iliyolala mshazari kufuata mishipa. Adiantum, lenye vijiti vyeusi vinavyong'aa, huficha spora zake chini ya ukingo wa jani uliojikunja, na Pteris hutandaza mstari mmoja kando ya ukingo wote. Kijijani hiki na jirani yake vikifanana kabisa, hizo ni spora.

Wadudu gamba hawana ramani. Utawakuta wamejazana kwenye kikonyo, wawili huku, saba kule, juu na chini ya jani. Mmoja ukimkwangua kwa ukucha anabanduka mzima na chini yake pana unyevu wa kunata, na mara nyingi sisimizi wamekwisha kuufuata.

Wapo pia wanaolalamika kinyume chake, kwamba hawaoni kipele chochote. Hapo nauliza mambo matatu. Kwanza, je, hilo ni kangaga? Asparagus setaceus, yale majani laini ya manyoya wanayoyapenda wapambaji wa maharusi, huuzwa kama kangaga lakini si kangaga: hutoa maua madogo meupe na matunda yenye mbegu. Pili, je, limekomaa? Mmea mchanga au uliokaa kwenye giza la ndani hautoi spora. Tatu, je, ni Nephrolepis ile ya Boston? Aina hiyo ilipatikana mwaka 1894 ndani ya shehena ya makangaga iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, Marekani, na hata ikitoa spora, kwa kawaida hazina uzima. Imeenea duniani kwa machipukizi ya mikia yake inayotambaa. Ukiwa nayo, acha mambo ya spora, kata chipukizi lenye mizizi na upande.

"Nimemwaga vumbi, mwezi wa pili unaisha, udongo mtupu"

Mara nyingi hukumwaga spora. Ulimwaga maganda.

Hapa inafaa kutazama kwa karibu. Chukua kijijani chenye madoa yaliyokolea rangi, kiweke chini ya lensi, kisogezee taa yenye joto kidogo. Kila kifuko kimezungukwa na mshipi wa seli zenye kuta nene upande wa ndani na nyembamba upande wa nje. Maji ndani ya seli hizo yakikauka, kuta za nje huvutwa ndani, mshipi unajinyoosha na kukipasua kifuko, kisha unajipinda kinyumenyume kama upinde unaovutwa. Unafika mahali maji yaliyobaki hayavumilii tena mvuto huo. Yanakatika, mshipi unarudi ghafla mahali pake, na spora zinarushwa. Ukiwa na subira utaviona vifuko vinarukaruka kwenye kijijani kama mtama kwenye kikaango.

Ndiyo sababu siku ya kukusanya ina maana kubwa. Madoa yakiwa bado kijani au meupe, spora hazijaiva. Yakiwa manyoya ya rangi ya kutu, zimekwisha kuruka. Unayoyataka ni yaliyokolea, ya kahawia nzito au meusi, bado yana umbo lake. Laza jani juu ya karatasi nyeupe, upande wa spora chini, funika kwa karatasi nyingine, weka mahali pakavu pasipo upepo, usiku mmoja au mbili. Ukiinua jani utakuta picha yake imechorwa kwa vumbi. Sasa inamisha karatasi na kuigonga polepole kwa kidole. Vipande vikubwa vinateleza haraka na kuanguka. Hayo ni maganda. Vumbi laini linalobaki limeng'ang'ania karatasi ndilo la kupanda.

Kama una hakika ulipanda spora zenyewe, angalia mwanga. Spora za makangaga mengi haziamki gizani. Zinahitaji mwanga, hasa wekundu uliomo ndani ya mwanga wa jua, ndipo zianze kugawanyika. Mkulima aliyezoea mchicha hufukia. Usifukie. Nyunyiza juu ya udongo wenye unyevu, funika kwa mfuniko unaopitisha mwanga, basi.

Kisha joto. Nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi zinazifaa jamii nyingi. Baridi ya Julai huku milimani huchelewesha kila kitu, nami huhamishia makopo yangu chumba cha karibu na jiko. Pwani tatizo ni jua: kopo lililofungwa likipigwa na jua la saa sita hugeuka chungu cha kupikia. Liweke penye mwanga mwingi, lakini jua lenyewe lisilifikie.

Umri nao. Spora nyingi za kahawia zikihifadhiwa kavu kwenye bahasha ya karatasi huishi miaka. Zile za kijani ni habari nyingine, kwa sababu tayari zinafanya kazi na kuchoma akiba yao. Za Osmunda huishi majuma tu, na za Equisetum, mmea wenye vijiti vyenye vifundo unaoota kandokando ya mito, hata majuma mengi hazifiki. Hizo zipande siku hiyohiyo.

Na ukishahakikisha yote hayo, ngoja. Jamii nyingi huonyesha ukijani wa kwanza kati ya wiki ya pili na ya sita.

"Uso umekuwa kijani lakini mioyo hakuna"

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwani ukijani unatokana na viumbe tofauti na kila kimoja kina tiba yake. Chukua lensi inayokuza mara 10.

Ukiona utelezi, kijani cha kuiva au cha kukaribia bluu, unaong'aa kama mate ya konokono, hiyo ni miani au sianobakteria, viumbe vidogo sana vinavyostawi penye maji. Maji yamezidi, au umetia mbolea mapema. Prothalo haihitaji samadi. Ng'oa sehemu hiyo kwa kijiko, acha mfuniko wazi saa chache kila siku uso upungue maji. Ikishavuka nusu ya kopo, anza upya.

Ukiona nyuzi fupi zilizosimama, kila moja peke yake, hazipanuki, hayo ni makangaga yenyewe yenye njaa ya mwanga. Spora ikiota hutoa kwanza uzi wa seli zilizopangana. Ili uzi huo upanuke kuwa bapa, unahitaji mwanga wenye bluu ya kutosha. Kwenye mwanga hafifu, au chini ya taa nyekundu tupu, uzi huendelea kurefuka bila kuwa moyo. Sogeza kopo karibu na dirisha, utaona tofauti kwa wiki mbili tatu.

Ukiona nyuzi ndefu zenye matawi, zinatambaa pande zote kama utando uliolazwa, huenda umeotesha kuvumwani. Spora zake zimo kwenye udongo wa msitu, kwenye maji ya mtaro, hata hewani. Uzi wake huitwa protonema. Baada ya majuma hutoa vichipukizi vyenye majani madogo yaliyojipanga kuzunguka kijiti, na hapo hakuna shaka tena.

Naomba tusiidharau. Kuvumwani ina maisha mawili kama kangaga, ila uzito umegeuzwa. Zulia la kijani unalolikanyaga kwenye mawe ya mtoni ndilo uhai wa kwanza, wenye kromosomu nusu, na ndilo linaloishi miaka. Uhai wa pili ni kile kijiti chembamba chenye kibuyu juu. Kimesimama kwenye kichwa cha mama yake, kinalishwa naye, kinamwaga spora, kinanyauka. Kwenye kangaga moyo hufa na jani hubaki. Kwenye kuvumwani kibuyu hufa na zulia hubaki. Mtu akiliona hili, hawezi tena kuiita kuvumwani mtoto wa kangaga, kosa ninalolisikia hata kwa watu waliosoma baiolojia.

Kinga ni moja kwa yote: udongo uliochomwa. Mimi huchanganya makumbi ya nazi yaliyosagwa na mchanga wa mto, hujaza kopo safi, humimina maji yanayotokota mpaka yafurike, hufunika mara moja na kuacha yapoe usiku kucha. Maji ya kunyunyizia baadaye ni ya mvua, yamechemshwa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe, na mioyo haiupendi.

"Ukungu mweupe unatambaa"

Maganda yameoza. Ulipanda vumbi chafu, au nene mno. Toa doa lote na udongo wake, zaidi kidogo ya unapoishia weupe. Na ukiona mioyo ina matundu, na vijinzi vyeusi vinaruka ukifungua mfuniko, mabuu yao yanakula chini. Kopo hilo litenge na mengine leo hii.

"Mioyo imejaa, mizuri, miezi inapita, kangaga hakuna"

Hili ndilo lililomleta yule dada, na ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Dalili yenyewe isome vizuri. Prothalo zilizopata utungisho haziendelei kunenepa. Nguvu huenda kwa mtoto. Zisizopata huendelea kukua, zinavuka upana wa sentimeta moja, kingo zinakunjamana kama sketi yenye marinda, nyingine hutoa vimoyo vingine pembeni. Ukiona marinda, jua harusi haijafungwa.

Sababu ya kwanza ni maji. Simaanishi unyevu wa udongo, namaanisha maji ya kuogelea. Gameti ya kiume ya kangaga imejisokota kama skurubu na ina vijimkia vingi vya kupigia makasia. Inatoka kwenye kiungo cha kiume upande wa chini wa moyo, na safari yake ni milimita chache, lakini lazima pawe na utando wa maji usiokatika mwanzo hadi mwisho. Kopo lililofungwa lina mvuke mwingi na bado linaweza kukosa utando huo. Mwaka 1884 Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alionyesha kwamba gameti hizi huvutwa na asidi ya maliki, ile ile inayoyapa matofaa yetu ya Lushoto uchachu wake. Kwa hiyo zikishapata maji zinajua kuelekea. Kazi yako ni kuzipa mto.

Fanya hivi: chukua maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka uvuguvugu, tia kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza mpaka uone maji yamesimama juu ya mioyo na yameingia chini yake. Yaache robo saa, kisha inamisha kopo yatoke yaliyozidi. Rudia mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nne.

Sababu ya pili watu hawaiamini mpaka wajaribu: msongamano. Mwaka 1950 Walter Döpp, Mjerumani, aligundua kwamba prothalo zilizokomaa hutoa kemikali inayowageuza majirani wadogo kuwa wa kiume. Baadaye kemikali hizo ziliitwa antheridiojeni. Anayeota mbele hupata viungo vya kike. Wanaochelewa kando yake hubaki wembamba, wamejaa antheridia tupu. Porini mpango huu una faida, maana yai hupata gameti za jirani badala ya za mwili uleule. Kwenye kopo lililomwagiwa vumbi kama chumvi kwenye muhogo, unapata umati wa madume waliodumaa na majike machache yaliyosongwa. Toa vibonge vya ukubwa wa ukucha kwa kibano au kijiti cha meno, vipandikize kwenye kopo lingine vikiachana sentimeta mbili. Usihangaike kutenganisha mmoja mmoja.

Sababu ya tatu ni undugu. Moyo mmoja, ukitoka kwenye spora moja, una kromosomu za aina moja mwili mzima. Ukijitungisha wenyewe, mtoto hupata jozi zinazofanana kabisa, na kasoro yoyote iliyokuwa imefichika hujitokeza. Jamii nyingine huvumilia, nyingine watoto hufa wakiwa wadogo au hawatokei kabisa. Kusanya spora kutoka mimea miwili au mitatu ya jamii moja na uzichanganye. Jani moja tu lina spora kwa mamilioni, kwa hiyo hakuna sababu ya kung'oa mmea msituni, iwe Amani, Magamba au kwingine. Mikangaga mirefu kama minazi, ile ya Cyathea, iko hata kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa.

Dada yule nilimuuliza alikuwa anamwagiliaje. Akasema anaweka kopo ndani ya beseni la maji, udongo unanyonya kwa chini. Njia nzuri kwa wiki za mwanzo, maana haivurugi vumbi. Lakini kwa miezi mitano mioyo yake haikuwahi kulowa kwa juu hata siku moja. Na vumbi lilitoka kwenye mmea mmoja, na lilikuwa nene. Sababu zote tatu katika kopo moja. Tuligawa vibonge makopo manne pale pale mezani, nikampa na bahasha ya spora kutoka mimea yangu ya jamii hiyohiyo.

"Langu limetoka bila kunyunyiza kitu"

Basi yaelekea una Pteris cretica au Cyrtomium falcatum, au lingine la namna hiyo. Makangaga haya yameacha harusi. Kangaga huchipuka moja kwa moja kutoka seli za moyo, bila yai wala gameti. Hesabu yao inaonekana hata kwenye vifuko: kifuko cha kawaida hubeba spora 64, cha haya hubeba 32, kubwa zaidi, zenye kromosomu zote kama mama. Kwa anayeanza, nashauri aanze na mojawapo ya haya. Ataona hatua zote isipokuwa ile ngumu, na mkono utazoea.

"Kuvumwani yangu haitoi vibuyu"

Jamii nyingi za kuvumwani zina mimea ya kiume mbali na ya kike. Bryum argenteum, ile ya rangi ya fedha inayoota kwenye nyufa za saruji, ni ya namna hiyo. Zulia lako likitokana na kipande kimoja, ni jinsia moja tupu, na litaenea kwa vipande vinavyokatika bila kuzaa kibuyu. Gameti zake zina vijimkia viwili tu na hazifiki mbali; matone ya mvua huzirusha, na mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba vijidudu vinavyorukaruka kwenye udongo navyo huzibeba. Leta kipande cha zulia lingine, kiguse lako, ungoje mvua. Ukitaka vibuyu vingi bila taabu tafuta Funaria hygrometrica pale palipochomwa mkaa. Mmea mmoja una vyote viwili, na hupenda majivu.

Zile bapa za kijani zenye vikombe vidogo juu yake, zinazotawala uso wa vyungu vya kitalu, ni Marchantia, jamaa wa kuvumwani. Ndani ya vikombe kuna punje ambazo tone la maji huzirusha hadi chungu cha jirani. Punguza maji ya juu na mbolea ya juu, tandaza changarawe. Kuing'oa pekee ni kuisambaza.

"Yakitoka koponi yanakufa"

Jani la kwanza la kangaga halijawahi kukutana na hewa kavu. Ngozi yake ni nyembamba na mzizi wake ni mmoja. Subiri mche uwe na majani matatu au manne. Hamishia kwenye chungu kidogo, rudisha chini ya mfuniko, kisha wiki ya kwanza fungua upenyo wa kidole, wiki ya pili fungua nusu ya mfuniko, wiki ya nne ondoa kabisa. Fanya hivyo msimu wa mvua au ukungu, usisubiri Februari. Usiung'oe ule moyo uliobaki chini ya mche. Utakauka wenyewe mzizi ukishashika.

Wiki ya saba dada akapiga simu. Sauti ilikuwa na furaha na mashaka pamoja.

"Mwalimu, yametoka, tena mengi. Lakini si yenyewe. Mama yake ana majani ya manyoya, haya yana kijani kimoja kimoja kama kipepeo kilichopasuliwa katikati."

Nikamwambia asitupe hata kimoja. Majani ya kwanza ya kangaga karibu siku zote ni sahili, kama kipepeo au kama ndimi mbili, hata mama awe na manyoya ya namna gani. Jani la tano au la sita ndilo linaloanza kukatwakatwa, na ukiliangalia asubuhi, kabla halijajikunjua, utauona ule mkia wa kinyonga.